Kuna namba ya simu sijui ni ya nani. Niipige au niache? Naombeni ushauri usiku huu huu

Mshona Usiku, saa 3:40 usiku

Habari za usiku wakuu. Sijawahi kuanzisha uzi, huwa nasoma na kupita, kwa hiyo mnivumilie nikichanganya mambo.

Mimi ni fundi cherehani. Naishi peke yangu, chumba cha mbele ndiyo kazini, cha nyuma ndiyo nalala. Jumatano ya wiki iliyopita, usiku sana, nilisikia kitu kimeegemea mlango. Kufungua, namkuta binti wa kama miaka 15 au 16, hana viatu, kisogoni ana jeraha ambalo damu yake ilishaganda. Nikamuuliza jina. Akafungua mdomo, akaufunga. Nikamuuliza ametokea wapi, akaniambia, "Usiwashe taa." Mpaka leo sijapata jibu lingine.

Hakumbuki jina, wazazi wala shule. Ya jana anayajua, ya asubuhi anayajua, ila kabla ya usiku ule hana kitu. Jumapili nilimpa chaki anisaidie kuweka alama kwenye kitambaa. Akaandika pembeni namba ya simu, nzima, bila kusita. Nikamuuliza ya nani. Akaitazama kama vile nimeiandika mimi.

Jumanne wakaja wanaume wawili na gari, wakapita mlango kwa mlango na picha yake. Walisema ni binti yao, akili haijatulia, ametoroka. Wakataja na jina. Nikasema sijamwona. Baadaye nilimtajia lile jina, taratibu tu. Akaenda kusimama ukutani, mikono nyuma, akakaa hivyo mpaka nilipomshika bega. Nilipomuuliza kwa nini, hajui.

Swali langu ni moja. Ile namba niipige au nisipige? Huenda ni ya mama yake.

Mzee wa Baraza, saa 3:52 usiku

Binti yangu, Mungu akulipe kwa kumfungulia mlango. Lakini niseme kama mzazi. Watoto wa sasa wakikanywa kidogo tu wanakimbia nyumbani, na wakishakimbia hawakosi maneno. Nina wajukuu saba, mmoja aliwahi kulala siku mbili kwa jirani akidai anateswa, kumbe alinyang'anywa simu. Wasikilize na hao wazee wake. Usije ukawa unamficha mtoto aliyekimbia malezi.

Kona Kali, saa 3:55 usiku

Wanaonidai wakija na mimi nitasimama ukutani, sikumbuki jina.

Dereva Mstaafu, saa 4:03 usiku

Kona Kali, acha. Hili jambo lilinikuta. Nilifunga breki za ghafla, nikapiga kichwa kwenye nguzo ya mlango. Sikuzimia. Ila kuanzia hapo mpaka jioni nilikuwa namuuliza utingo wangu swali moja, "Mzigo tumeshusha?" Ananijibu, natulia, baada ya muda mfupi nauliza tena. Mwishowe akaandika kwenye karatasi TUMESHUSHA, akaibandika mbele yangu, nikawa namuuliza nani ameandika. Kesho yake nikawa sawa, lakini ile safari sina hata kipande mpaka leo. Mke wangu ndiye anaisimulia. Kwa hiyo dada usiharakishe, kumbukumbu zitarudi zenyewe.

Nesi Mstaafu, saa 4:09 usiku

Kaka Dereva, wewe zilirudi. Si kila mtu.

Dada, wewe unaongelea simu. Mimi nauliza jeraha la kisogo. Limetazamwa na nani? Kichwa kinamuuma? Maumivu yanapungua au yanazidi? Anatapika? Analala kuliko kawaida?

Mshona Usiku, saa 4:20 usiku

Asanteni. Nesi, hospitali sijampeleka. Nililisafisha mwenyewe kwa maji ya chumvi na limefunga vizuri. Kichwa kinamuuma, ndiyo, hasa asubuhi. Leo ametapika mara moja, nadhani ni wasiwasi.

Nikitaja hospitali anatetemeka. Na wale wanaume, mmoja alisema yeye ni askari. Kitambulisho hakutoa. Sasa nikimpeleka, wataandika faili, faili linataka jina na mzazi, halafu?

Nimeshaamua jinsi ya kufanya. Alfajiri tunapanda basi, nampeleka kwa dada yangu, ni mbali. Tiketi mbili ninazo. Nilitaka tu nijue kuhusu namba kabla hatujaondoka.

Sidanganyiki, saa 4:26 usiku

Kuna kitu hakijakaa sawa. Jumatano mpaka Jumapili, siku nne, hakuna aliyekuja kuuliza. Jumapili anaandika namba. Jumanne gari hili hapa. Katikati hapo ulifanya nini?

Mshona Usiku, saa 4:28 usiku

Sikufanya kitu. Niliendelea na kazi.

Sidanganyiki, saa 4:29 usiku

Haya.

Nesi Mstaafu, saa 4:31 usiku

Dada, hapa hakuna wa kukuhukumu. Ukituficha tutakushauri vibaya, na atakayeumia ni mtoto.

Mshona Usiku, saa 4:47 usiku

Nilibipu.

Jumapili usiku, binti akiwa amelala. Mlio mmoja nikakata. Ikapigwa pale pale. Nikapokea, sikusema neno. Sauti ya mwanamume. Hakusema halo, hakuuliza nani mwenzangu. Alisema, "Uko na nani?" Nikazima simu.

Na Jumanne, wale watu kwangu walikaa kuliko kwa wengine. Mmoja akaniomba namba, eti ana suruali ya kupunguza kiuno. Nikampa, nimezoea kuwapa wateja. Alipoiandika kwenye simu yake aliitazama kidogo, akasema, "Asante fundi." Wakaondoka.

Najua mtakachosema. Lakini mngekuwa na mtoto wa watu ndani, na namba mkononi, mngefanya nini? Nilitaka asikie sauti ya mama yake. Na ndiyo maana nasema basi la alfajiri. Sijakosea kila kitu.

Sidanganyiki, saa 4:55 usiku

Sasa nimeelewa. Wakuu, hii ni chai. Soma tena muone ilivyopangwa. Mtu hakumbuki jina lake, anakumbuka namba ya simu tarakimu zote. Hajui ametokea wapi, lakini akitajiwa jina anasimama ukutani. Anamwogopa asiyemkumbuka? Watu wa kusahau majina yao wako kwenye filamu. Subirini, sehemu ya pili mtaambiwa ni mtoto wa tajiri.

Kona Kali, saa 4:57 usiku

Nilikuwa nimeanza kuamini kabisa. Fundi kashona hadithi, mshono hauonekani.

Mzee wa Baraza, saa 5:02 usiku

Kama ni uongo, ni dhambi kutukesha hivi.

Nesi Mstaafu, saa 5:16 usiku

Sidanganyiki, swali lako ni zuri, lakini hitimisho lako si sahihi. Kumbukumbu si ghala moja lenye mlango mmoja.

Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alipasuliwa ubongo kutibu kifafa, wakaondoa sehemu ya pande zote mbili. Mpaka anafariki mwaka 2008 hakuweza kutunza jambo jipya. Lakini walimfundisha kuchora nyota akiangalia mkono wake kwenye kioo, jambo gumu kuliko linavyosikika, na kila siku akawa bora kuliko jana, huku kila siku akisema hajawahi kulifanya. Mkono ulijua, yeye hajui. Mkono unaoshika chaki ukaandika namba haunishangazi.

Na hofu. Mwaka 1911 Édouard Claparède, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliandika kuhusu mwanamke aliyekuwa hatunzi kumbukumbu. Kila akionana naye ilibidi ajitambulishe upya. Siku moja alificha pini kiganjani akampa mkono, ikamchoma. Alipokutana naye tena yule mama hakumtambua, ila alipomnyooshea mkono aliurudisha wake nyuma. Hakuweza kueleza kwa nini. Mtoto anayesimama ukutani akisikia jina ndiye huyo huyo.

Ila hapa nakubaliana nawe kidogo. Pigo la kichwa peke yake kwa kawaida hufuta saa au siku zinazozunguka ajali, kama kaka Dereva. Kufuta jina na utoto wote ni nadra, na mara nyingi nyuma yake kuna mambo mazito mtu aliyopitia. Maana yake huyu mtoto ana matatizo mawili: kuna lililompata moyoni, na kuna lililompata kisogoni. Hilo la pili ndilo linaloweza kumuua wiki hii. Damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu, siku hata wiki baada ya pigo, jeraha la nje likiwa limeshafunga vizuri. Kichwa kinachouma zaidi asubuhi, kutapika, usingizi mzito. Dada, umetaja mawili. Basi la alfajiri lisahau.

Mshona Usiku, saa 5:24 usiku

Imeniuma kuitwa mwongo. Sina cha kuwaonyesha, picha yake siwezi kuweka.

Niwaambie jambo moja la kazi yangu, anayejua atajua. Nilimkalisha kwenye cherehani nione kama anajua kitu. Mkono wa shati hajui kuunganisha. Zipu hajui. Bobini, ile ya uzi wa chini, ilipoisha alinyoosha mkono hewani bila kunitazama, kama mtu aliyezoea kupewa. Lakini mfuko wa nyuma wa suruali anaubandika kwa haraka ambayo mimi, na miaka yangu 19 ya ufundi, siiwezi. Mshono mara mbili, pembe zote sawa, kulia tu. Wa kushoto nilipomwambia abandike, vidole vilimgoma.

Nani atatunga mfuko wa kulia?

Laini Namba 4, saa 5:33 usiku

Huwa sichangii. Nimesoma hapo mara tatu.

Nilifanya kazi kiwanda cha nguo. Kwenye laini kila mtu ana kipande chake. Mimi nilikuwa ukosi, miaka miwili, sikuwahi kuona shati langu likiisha. Bobini analeta mtu mwingine ili usinyanyuke. Lakini sisi tulikuwa watu wazima na jioni tulirudi nyumbani. Mtoto wa miaka 15 hafikii kasi hiyo kwa muda mfupi, na hajifunzi mfuko wa kulia peke yake nyumbani kwa baba.

Kaangalie kiganja cha kushoto, chini ya kidole cha shahada. Kama kuna sugu, ni ya kusukuma kitambaa kigumu. Dada, huyo hajatoroka malezi.

Mshona Usiku, saa 5:37 usiku

Ipo.

Karani wa Zamani, saa 5:45 usiku

Kama ni hivyo, niseme la sheria. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ya Umoja wa Mataifa, iliyoridhiwa na nchi nyingi mno, inasema aliye chini ya miaka 18 akisafirishwa au kupokelewa ili atumikishwe, hiyo ni biashara haramu ya binadamu hata kama hakulaghaiwa, hata kama alikubali mwenyewe. Wao ndio wa kuogopa faili.

Na wewe, fikiria basi lako kwa macho ya mtu wa nje. Mtu mzima anamhamisha mtoto asiye wake, alfajiri, kwa siri, bila kumwarifu yeyote. Wakikukamata njiani na wale wakatoa picha na jina, nani ataaminiwa? Faili la hospitali ndilo litakalosema aliletwa na nani, lini, akiwa na jeraha gani. Ukifika, omba daktari amwite afisa wa ustawi wa jamii. Usianze na kituo cha polisi cha mtaani, kwa sababu ya huyo anayejiita askari. Kama kweli wazazi wapo wanamtafuta, njia ipo: Interpol, shirika la polisi la kimataifa, hutoa notisi ya njano kwa waliopotea, na pia kwa mtu asiyeweza kujitambulisha. Mama hatafutwi kwa kubipu.

Sidanganyiki, saa 5:52 usiku

Bado sina uhakika. Ila kama kuna hata chembe ya ukweli, fundi, umetueleza chumba chako kilivyo, muda wa safari na unakokwenda. Na hao jamaa namba yako wanayo. Futa hayo. Usilale hapo. Nenda na mtu mzima mwingine, usiende peke yako.

Mzee wa Baraza, saa 5:58 usiku

Binti yangu, nilisema wasikilize wazee wake. Nimekosea. Nisamehe. Toka hapo.

Mshona Usiku, saa 6:04 usiku

Nimejaribu kumwamsha tuongee, anafumbua macho na kuyafumba. Ametapika tena, usingizini. Nimemgongea jirani wa nyuma, anawasha gari.

Nesi Mstaafu, saa 6:05 usiku

Mlaze ubavu njia nzima. Usimpe kitu mdomoni, hata dawa ya maumivu. Mwambie daktari siku ya pigo na saa za kutapika. Na umwambie dada, hata ulichokificha hapa mwanzo.

Dereva Mstaafu, saa 7:30 usiku

Kuna habari?

Laini Namba 4, saa 8:15 usiku

Niko macho.

Mshona Usiku, saa 9:50 alfajiri

Tuko hospitali. Wamempiga picha ya kichwa, damu imejikusanya chini ya fuvu, wanamwandaa kwa upasuaji sasa hivi. Ustawi wa jamii wamepigiwa, afisa yuko njiani. Daktari nimemwambia yote, na kubipu nimemwambia. Hakunigombeza, aliandika tu.

Mapokezi waliuliza jina la kuweka kwenye faili. Nikasema hana. Nilidhani amelala. Akasema, macho yamefumba, waandike jina lolote, ila si lile.