AMERUKA WIMBO!!! Yule baba wa video wa Katuba ameruka WIMBO

Nimetoka video sasa hivi, lile banda la kuonyeshea filamu la Katuba hapa Lubumbashi, vidole bado vinatetemeka, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Jina lake silitaji. La nini? Nyote mnamjua: mikrofoni ya harusi, kikohozi kinachotangulia kila sentensi, na tafsiri ambayo mtu akiruka ukuta yeye anatuambia "ameruka ukuta". Huyo huyo.

Leo ameonyesha Sinners. Ile ya Ryan Coogler ya 2025, ambayo mimi nimeikwepa kwenye telefone muda wote huu. Wadogo zangu wakileta kipande nafumba macho, natoka nje, nasema hiyo ni filamu ya kuonwa kwenye skrini kubwa, spika zikitikisa bati. Haya, spika zilikuwepo. Skrini ilikuwepo, ina ule ukijani upande wa kushoto, lakini hata Superman tulimwona wa kijani na hakuna aliyelalamika.

Tunaanza vizuri. Mississippi, mwaka 1932, mapacha wamerudi nyumbani na pesa za Chicago. Michael B. Jordan anacheza wote wawili, Smoke wa kofia ya buluu na Stack wa kofia nyekundu. Baba wetu anatueleza kwamba ni mtu mmoja, anakimbia nyuma ya nyumba kubadilisha kofia. Wakapeana sigara, wote wawili ndani ya picha moja. Akakohoa, akasema: "Hapo ni kioo." Kioo kinachompa mtu sigara! Nikanyamaza. Mimi nimelelewa.

Kisha tukafika pale. Usiku, kile kiwanda cha mbao walichokigeuza baa, watu wamejaa, na Sammie anashika gita. Huyo ni Miles Caton, kijana ambaye hii ndiyo filamu yake ya kwanza. Anafungua mdomo. Na huyu mtu, narudia, HUYU MTU, anakohoa na kusema kwenye mikrofoni: "Hapa ni muziki tu, tusogeze."

AKASOGEZA.

Ndugu zangu, filamu nzima ni huo wimbo! Kijana anaimba mpaka waliokufa na ambao hawajazaliwa wanaingia kucheza pamoja na walio hai. Wapiga ngoma wa zamani, mtu wa gita la umeme, didjei, wachezaji wa Kichina, mpaka kinyago cha Zaouli cha Côte d'Ivoire kimo. Zaouli, ambayo hata ikichezwa kwa mwendo wake miguu huioni, mimi nimeiona imesogezwa mbele kwa kasi mara nane! Muziki ameusimamia Ludwig Göransson, yule yule aliyekwenda Senegal kwa mwanamuziki Baaba Maal alipokuwa anatengeneza Black Panther. Mtu amevuka bahari kutafuta ngoma, wewe wa Katuba unasema ni muziki tu. Ni kama kuitwa mezani, ukanyimwa bukari, yaani ugali wetu, ukaachiwa maji ya kunawa.

Na matokeo yake? Wazungu watatu wanafika mlangoni na vyombo vyao vya muziki, wanabembeleza kuingia. Watu mle ndani ya video wanaulizana: hawa batumbula, wale wazungu wala watu wa hadithi zetu, wametokea wapi, wamejuaje njia? Wamefuata ULE WIMBO, baba! Wimbo uliouruka wewe! Mnajua baba huyo aliwajibu nini? "Wamesikia harufu ya samaki."

Samaki.

Filamu ya saa mbili na dakika 17, mimi nimefika nyumbani jua bado lipo.

"Hapa ni muziki tu." Nitakufa na hiyo sentensi.

Kunguru_wa_Kamalondo: Ulilipa ngapi?

Mtoa uzi: Falanga 500.

Kunguru_wa_Kamalondo: Kwa 500 ulitaka Michael B. Jordan aje akufungulie soda?

Shofa_Kasumbalesa: Ee ndugu, hapana kulia bure. Ule baba shiye bote tunamujua. Siku moja alituonyesha filme ya Bahindi, akaruka mapigano yote, akaacha nyimbo tu. Leo anaruka nyimbo. Ule anachanganya siku tu.

Binti_Kenya (mtaa, si nchi): Mimi nilikuwepo. Mtoa uzi hajawaambia kwamba alisimama juu ya benchi akapiga kelele "RUDISHA!" na benchi likavunjika. Tuliokaa benchi hilo tumemalizia filamu chini.

Mtoa uzi: Benchi lilikuwa limeshaoza. Hoja hapa ni wimbo.

Binti_Kenya (mtaa, si nchi): Na mgongo wangu je?

Papa_Bosco: Watoto, punguzeni hasira. Huyo mzee anatafsiri tangu enzi za kaseti, sauti imemwisha. Wengine wenu Kiingereza chenu chote mmekipata kwake.

Mtoa uzi: Papa, kwa heshima yako yote: ndiyo maana kwenye usaili nilimwambia yule Mzambia "ameruka ukuta".

Fundi_Redio: Poleni. Sasa kile kipande cha mwisho mlikionaje, cha Buddy Guy, yule mkongwe wa gita la blues?

Mtoa uzi: Kipande gani?

Fundi_Redio: Majina yakishaanza kutokea, filamu inarudi. Mwaka 1992, Sammie ameshazeeka, anachezwa na Buddy Guy mwenyewe, halafu mlangoni wanaingia...

Mtoa uzi: NYAMAZA

Mtoa uzi: Majina yalipotokea alizima!! Akasema "mwisho, tokeni polepole, kuna wa kuingia"!! KIPANDE GANI??

Kunguru_wa_Kamalondo: 😂😂😂 Sasa wimbo kaukosa, mwisho kaukosa. Wewe umeona filamu ya kofia.

Dada_Ruashi: Afadhali yako umeona kofia. Huku kwetu ilikuwa Mission: Impossible, ile The Final Reckoning. Tumekaa karibu saa tatu tukingojea ndege. Tom Cruise kashika bawa, upepo unamvuta mashavu, watu wote wameshika vichwa, umeme ukakatika. Mwenye video akasema mafuta ya jenereta hayapo, rudini kesho. Kesho yake akaweka filamu ya karate. Mpaka leo yule baba ananing'inia.

Shofa_Kasumbalesa: Alishuka. Mi nilionea Ndola.

Dada_Ruashi: Alishukaje?

Shofa_Kasumbalesa: Lipa 500.

Msomi_wa_Unilu: Nashangaa jambo moja. Mnaomboleza Mississippi, lakini Augure ya Baloji nani kati yenu ameiona? Amezaliwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 1978. Filamu yake ilikwenda Cannes 2023 ikatoka na tuzo, Ubelgiji ikaipeleka kuiwakilisha kwenye Oscar. Katika video zetu zote za Katuba, Kenya, Ruashi, nani ameiweka? Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Kunguru_wa_Kamalondo: Msomi, ina mapigano?

Msomi_wa_Unilu: Inahusu mtu anayerudi nyumbani na familia inayomwona mchawi.

Kunguru_wa_Kamalondo: Hiyo ninayo kwetu bure kila Noeli.

Binti_Kenya (mtaa, si nchi): Mimi naitaka. Msomi, unayo kwenye flashi?

Mtoa uzi: Jamani. Wimbo. Ameruka wimbo.

Cheminot_1939: Kwani huyo baba ameanza leo? Siku ya mechi yetu alikatisha kipindi cha pili dakika ya 80 ili aonyeshe filamu. Kwa nini? Kwa sababu Lupopo tulikuwa tunaongoza! Yule ni wa Mazembe damu, mahasimu wetu wa hapa mjini.

Kunguru_wa_Kamalondo: Alikuonea huruma. Alijua dakika kumi za mwisho zina nini.

Cheminot_1939: Na fainali ya Kombe la Dunia la Klabu ya 2010, mbona hakusogeza mbele? Inter 3, Mazembe 0. Hapo ndipo pangefaa kusogezwa.

Kunguru_wa_Kamalondo: Klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali hiyo. Kombe la klabu bingwa Afrika tumelibeba mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Ninyi mnayo mangapi? Andika hapa, nafasi ipo.

Cheminot_1939: Andikeni yenu. Derbi ijayo sahani ya michopo, ile nyama ya kuchoma, atakayefungwa analipa. Papa Bosco shahidi.

Papa_Bosco: Nakubali kuwa shahidi, na shahidi anakula.

Dada_Ruashi: Michopo ya wapi lakini? Maana ile ya karibu na uwanja imekuwa wizi. Juzi nimelipia ya watu wawili, nimepewa mifupa, pilipili, na kitunguu kimoja kimekatwa mpaka kinaona haya. Nikamuuliza nyama iko wapi, ananijibu "mama, tafuna kwa imani".

Binti_Kenya (mtaa, si nchi): HUYO NAMJUA!!! Na mimi alinifanyia hivyo hivyo!

Cheminot_1939: Wa koti la buluu?

Dada_Ruashi: Sitaji jina. Nafungua uzi wake sasa hivi, njooni huko.