Re: Mama anaumwa Moshi, nami niko huku. Nijiandae vipi?

Kutoka: Dada wa Old Moshi, Houston

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo.

Kwanza asanteni kwa rambirambi na kwa simu zenu. Tangu mama atutoke mwezi wa tano sijaandika kitu humu. Mdogo wangu wa Dallas, ambaye mama yake anaumwa Moshi naye yuko huku Marekani, ameuliza ajiandae vipi, wiki mbili sasa, na mimi niliyetoka kulipitia nimekaa kimya. Mdogo wangu, nisamehe. Leo nimepata nguvu.

Simu iliingia saa tatu usiku wa hapa, yaani saa kumi na moja alfajiri kwa nyumbani. Ukiona namba ya nyumbani saa hiyo, moyo unajua kabla hujapokea. Alikuwa kaka yangu mkubwa. Akaniambia, "Kaa chini kwanza." Nikakaa sakafuni, pale pale jikoni.

Sikwenda kumzika. Makaratasi yangu yalikuwa bado, nilikuwa nasubiri kadi ya ukaazi, na wengi wenu mnajua kwamba ukitoka Marekani huku ombi lako linasubiri na huna kibali cha kusafiri, ombi lile huhesabiwa umeliacha. Ningeweza kuomba kibali hicho mapema, kwa fomu ya I-131, nikakaa nacho kabatini. Sikuomba, kwa sababu mama hakuwa anaumwa. Na upo utaratibu wa dharura: unaomba miadi kwenye ofisi ya uhamiaji ya eneo lako, unakwenda na ushahidi wa ugonjwa au kifo. Niliujua siku ya tatu ya msiba, nikiwa tayari nimechanganyikiwa. Kwa hiyo wewe ambaye makaratasi yako bado, omba kibali sasa, mama akiwa bado anakunywa uji wake. Waliokwisha kuchukua uraia wa hapa nao wakumbuke kwamba kwetu hakuna uraia pacha: ulizieni mapema viza ya kuingia nyumbani, na pasipoti ikiwa imeisha muda utalia uwanja wa ndege.

Hayo ya safari wengi watakueleza. Jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu ni la wasifu.

Siku ya pili baba mdogo alinipigia. "Wewe ndiye mtoto wa kalamu," akasema. "Tuandikie wasifu wa mama yako, ibada ni Alhamisi." Nikafungua kompyuta. Nikaandika kwamba alikuwa mwalimu, mama na bibi mwenye upendo. Nikakwama. Alianza kazi mwaka gani? Shule ya kwanza ilikuwa ipi, ile ya tambarare au ile ya juu karibu na msitu? Alipata ubatizo wapi? Mimi niliyelala mgongoni mwake akisahihisha madaftari kwa taa ya chemli, sikujua. Nilijua harufu ya chaki kwenye khanga yake. Nilijua kwamba akirudi shuleni ananawa mikono hadi kwenye viwiko kabla ya kushika unga. Lakini miaka, majina ya shule, mpangilio wa maisha yake, sikuwa nao, na kila niliyempigia alinipa mwaka wake.

Usiku ule dada yangu akaniletea picha kwa simu. Chini ya kitanda cha mama, ndani ya sanduku la bati la vyeti, kulikuwa na daftari la mistari lililojalidiwa kwa gazeti, kama alivyotujalidia ya kwetu. Juu, kwa mwandiko wake wa ubaoni, ameandika: WASIFU.

Mama alikuwa ameuandika mwenyewe. Amezaliwa 1948. Amesoma Chuo cha Ualimu Marangu. Ameanza kazi 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akakuta shule ina bustani na mabanda ya kuku kwa ajili ya Elimu ya Kujitegemea, na ameandika idadi ya kuku. Miaka ya sabini alifundisha watoto asubuhi na jioni akawafundisha mama zao kusoma, darasa la watu wazima. Ilipofika 1977, elimu ya msingi kwa wote, darasa lake likawa na watoto tisini na wawili na madawati kumi na manane. Hapo ameongeza sentensi moja tu: "Waliobaki walikaa chini, nikawa nawabadilisha kila wiki." Alistaafu 2008 akiwa na miaka sitini. Miaka thelathini na tisa ya chaki, kurasa mbili na nusu.

Ukurasa wa mwisho ameandika: "Amefariki tarehe" kisha nafasi tupu. "Ameacha watoto watano na wajukuu", na hapo namba imeandikwa kwa penseli. Amefuta na kuandika tena kila mjukuu alipozaliwa, mpaka karatasi imekuwa nyepesi pale, inaonyesha mwanga. Namba ya mwisho ni 11.

Kaka alijaza tarehe. Niliufuata wasifu ule kwa simu, mchungaji akiusoma, mvua ya masika inapiga turubai kiasi kwamba maneno mengine yalipotea, nikawa nayafuatilia kwenye picha ya daftari. Kisha tarumbeta, kisha kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kati ya migomba, pembeni ya kaburi la baba. Mtu akachomeka sale, ule mmea wa heshima wa Wachagga. Simu ikakatika.

Ndugu yangu, usisubiri daftari. Uliza.

Kutoka: Kaka wa Reading, Uingereza

Dada, pole sana. Sikujua kuwa ni Mwalimu wetu mpaka niliposoma habari ya madaftari kujalidiwa. Mimi nilisoma kwake darasa la tatu, 1987.

Natumia mkono wa kushoto. Mwalimu aliyetangulia alikuwa akinipiga rula kwenye vifundo vya vidole ili nibadilishe, nami nikawa naandika kwa kulia huku nalia. Siku ya kwanza ya mama yako aliniangalia muda mrefu. Hakusema neno. Akanishika bega, akanihamisha nikakaa mwisho wa dawati upande wa kushoto, kiwiko changu kisigongane na cha mwenzangu. Akachukua penseli kutoka mkono wangu wa kulia, akaiweka kwenye wa kushoto, akaenda zake ubaoni.

Mimi leo ni mchoraji wa ramani za majengo, na mkono ni ule ule. Nilikuwa nimepanga kwenda kumsalimia Desemba, wakati Wachagga wote wanapopanda mlimani. Niambieni rambirambi natuma kwa nani.

Kutoka: Mzee wa Columbus, Ohio

Poleni wanangu. Naongeza la mirathi kwa kifupi, kwa kuwa swali lilikuwa la maandalizi.

Cheti cha kifo kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kichukueni mapema wala msiridhike na kibali cha mazishi. Ukoo unakaa, unamteua msimamizi wa mirathi, muhtasari unaandikwa na waliohudhuria wanasaini, unapelekwa mahakamani. Wewe uliye nje huna haja ya kuwa msimamizi; teueni aliye karibu, anayekwenda na kurudi kwa daladala.

Kinachokwamisha watu ni majina. Mama zetu walianza kazi kwa jina la baba, wakaolewa, kitambulisho cha taifa kikatoka kwa jina la mume, na herufi moja imekosewa. Akiwa hai anaapa kiapo cha majina asubuhi moja na kurudi nyumbani. Akishafariki, ni ninyi na foleni.

Kutoka: Mdogo wenu, Dallas

Dada, nimesoma nikalia kazini. Baba wa Columbus, shikamoo na asante. Kibali cha kusafiri nimekwisha kuomba jana.

Ila hili la kuuliza limenishinda. Nimempigia mama Jumapili nikamwuliza alianza kazi mwaka gani. Akanyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, mbona unaniuliza maswali ya msibani? Huo ni uchuro." Nikajisikia vibaya, nikabadilisha mazungumzo tukaongelea ng'ombe.

Kutoka: Dada wa Old Moshi, Houston

Kaka wa Reading, habari ya rula na ya dawati sikuwahi kuisikia. Nimewatumia ndugu zangu wote. Kaka yangu anaomba uiandike kwa mkono huo huo, aiweke sandukuni pamoja na daftari. Namba ya kutumia rambirambi nakutumia pembeni.

Mdogo wangu, mama yako hajakosea. Ukimwuliza miaka na tarehe utamtisha. Mpe simu mwanao. Wangu wa miaka tisa alipewa kazi shuleni ya kuhoji mtu mzima, akampigia bibi yake, "Bibi, ulipokuwa darasa la kwanza ulikuwa unakaa na nani?" Alijibiwa dakika arobaini. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye sufuria, bibi akimenya ndizi za mtori, na kisu kinasikika muda wote. Nilikuwa chumba cha pili nafua, nikaona ni mazungumzo ya mtoto na bibi yake, sikurekodi.

Wewe rekodi. Piga saa kumi jioni ya kwao, watu wakishatoka kukata majani ya ng'ombe. Kwako ni saa mbili asubuhi, na Jumamosi mtoto yuko nyumbani.