NIMEULIZA HELA ZA BOMA LA ZAHANATI, NIKAULIZWA BABU YANGU ALIZALIWA WAPI

Wakuu, hasira hii ninayo tangu Jumamosi na sitaki kulala nayo usiku mwingine. Uzi ni mrefu. Asiye na muda apite, ila wewe wa Kigoma soma, maana lililonikuta mimi litakukuta na wewe siku utakapofungua mdomo.

Naishi kijiji cha ziwani, kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma, ukishapita Gombe kuelekea mpaka wa Burundi. Gari haifiki. Tunatoka kwa boti hadi mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, tunarudi kwa boti. Mwaka 2022 tuliitwa mkutanoni tukaambiwa tujenge zahanati. Utaratibu mnaujua: wananchi wanainua boma, likifika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, halmashauri inapaua na kumalizia. Tulikubali kwa makofi. Kila kaya ilitoa shilingi 15,000, wanaume wakasomba mawe kutoka mlimani, wanawake wakabeba mchanga kwa ndoo kutoka ufukweni. Mwaka 2023 tukatoa tena 10,000. Mwaka 2024 ziwa likafungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, sisi na Burundi na Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu hakuna kipe, chombo chetu cha kuvulia, kilichoingia majini. Sina ugomvi na kufungwa kwa ziwa, dagaa walikuwa wanaisha na kila mvuvi mkweli anakiri. Ugomvi wangu ni kwamba ndani ya miezi hiyo hiyo, watu wanakula muhogo asubuhi na jioni, mjumbe wa serikali ya kijiji alipita nyumba kwa nyumba na kauntabuku lake akidai 10,000 ya tatu. Niliuza mbuzi nikatoa. Risiti ninayo ya mara ya kwanza tu. Hizo mbili za baadaye ni jina langu kwenye kauntabuku, basi.

Jana nimekwenda tena kulitazama boma. Lenta haijafika. Ukuta wa upande wa ziwa umeishia usawa wa madirisha, na mvua zimeanza kuula. Miti ya jukwaa imeliwa na mchwa, ukiishika inavunjika kama biskuti. Pale penye mlango kuna mifuko miwili ya saruji iliyogandia na karatasi lake, imekuwa mawe. Watoto wanaikalia wakicheza. Hiyo saruji ni mbuzi wangu, na ni mbuzi wa wengine.

Sasa niwaambie kwa nini sikuweza kunyamaza. Mwezi Februari mke wa jirani yangu alishikwa na uchungu saa nane za usiku. Mwenye boti tulimwamsha, petroli hakuna, tukachangishana hapo hapo gizani, huyu elfu mbili, yule elfu moja. Ziwa lilikuwa limechafuka. Mimi nilikuwa nimeshika tochi. Mtoto alizaliwa tukiwa hatujaiona hata taa moja ya Kibirizi, mama yake amelala juu ya mbao za boti kwenye maji yaliyokuwa yakiingia, na bibi mkunga tuliyempakia anakata kitovu kwa wembe niliomulikia. Wote wawili wako hai, Alhamdulillah. Lakini mikono yangu ilitetemeka hadi asubuhi, na nikaapa kwamba mkutano ukiitishwa nitauliza.

Mkutano wenyewe hauitishwi. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Kwetu tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 huu wa Jumamosi ndio wa kwanza, na uliitwa kwa ajili ya jambo lingine, mbolea ya ruzuku. Mwenyekiti wetu alipita bila kupigiwa kura. Waliochukua fomu kumpinga walienguliwa, mmoja kwa madai kwamba amekosea kujaza. Niseme ukweli, simchukii kwa hilo, fomu hakuzikata yeye. Lakini mtu aliyepita bila kuombwa kura ndiye hasa anayepaswa kusoma hesabu kwa sauti.

Ilipofika mengineyo nikanyoosha mkono. Niliuliza kwa adabu, nina mashahidi zaidi ya mia. Nikasema, Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo wazee wangu mliopo, naomba tusomewe michango ya zahanati, awamu tatu, imeingia kiasi gani, imetoka kiasi gani, na salio liko benki gani. Mwenyekiti akamtazama mtendaji. Mtendaji ni kijana, ana mwaka mmoja na nusu kwetu, hata kuogelea hajui. Hakufungua daftari. Akanitazama akasema, "Wewe ndugu, kabla sijakujibu, hebu waambie wananchi babu yako alizaliwa wapi."

Mkutano mzima ukanyamaza. Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia, akaongeza kwamba kuna watu wametoka ng'ambo ya ziwa wanakuja kuchochea, na kwamba Uhamiaji wanafika hapa kwa boti ile ile tunayopanda sisi.

Babu yangu alizaliwa Ujiji. Baba yangu alizaliwa Ujiji mwaka 1953, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru. Ukoo wetu ni Wamanyema, watu wenye asili ya mashariki ya Kongo, na kila anayeijua Ujiji anajua Wamanyema wamefikaje pale na tangu zamani gani, wapo tangu enzi za misafara, kabla Mjerumani hajafikisha reli Kigoma mwaka 1914. Mimi nimezaliwa hapa kijijini 1981. Namba ya NIDA ninayo. Daftari la kudumu la wapiga kura lilipozinduliwa tarehe 20 Julai 2024, lilizinduliwa hapa hapa Kigoma, na mimi ni miongoni mwa waliokwenda kuboresha taarifa zao. Hakuna aliyeniuliza babu. Walipokuja kuchukua 15,000 hakuna aliyeniuliza babu. Nilipobeba mawe mgongoni hakuna aliyeniuliza babu.

Aliyesimama kunitetea ni mmoja tu, bibi yule yule wa kwenye boti. Alinyanyuka na mkongojo wake, hakuomba hata nafasi ya kusema. "Kitovu cha huyu nimekizika mimi, pale nyuma ya kwa marehemu mama yake. Twende nikakuonyeshe, halafu urudi ujibu alichokuuliza." Mtendaji akacheka. Mwenyekiti akafunga mkutano kwa sababu ya mvua, na mvua yenyewe haikunyesha.

Sasa nakuja kwenu ninyi wanaume wenzangu, maana haya ya mtendaji yananiuma, lakini yenu yananiuma zaidi.

Kila jioni tunakaa kijiwe kimoja pale mwaloni, kahawa na kashata, redio katikati. Sijawahi kuona watu wanaoijua siasa kama sisi. Januari 2025 tulikesha na matokeo ya uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA, Lissu 513, Mbowe 482, watu wanazitaja namba hizo kama umri wa watoto wao. Tukabishana wiki nzima kama CCM ilikuwa sawa kumpitisha mgombea wake wa urais mapema vile kule Dodoma. Tukahamia kwenye kauli ya CHADEMA, "bila mabadiliko hakuna uchaguzi". Machi 2025 tukahamia Kenya. Mahakama Kuu ya Kenya ilikubali kwamba Kawira Mwangaza aliondolewa ugavana wa Meru kwa haki, na kijiwe kikachemka kama chungu. Fundi wetu wa injini za boti anaijua kesi ile kuliko mawakili: kwamba wawakilishi wa wadi walimpigia kura ya kumwondoa mara tatu, kwamba Seneti ilimwokoa mara mbili, na ya tatu, Agosti 2024, ikamwangusha. Anajua kwamba kaunti zao 47 lazima zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, imeandikwa kwenye katiba yao ya 2010. Anajua naibu rais Gachagua aliondolewa Oktoba ya mwaka ule ule, Kindiki akachukua kiti. Aliwasifu vijana wa Nairobi walioupinga muswada wa fedha wa Juni 2024 hadi Rais Ruto akauondoa, akapiga meza akasema, "Wenzetu hawaogopi!"

Fundi, uzi huu utaufikia, najua. Jumamosi ulikaa mstari wa mbele. Nilipoulizwa babu yangu nilikutazama wewe wa kwanza, kwa sababu wewe na mimi tumevua pamoja miaka sita na baba yako ndiye aliyemzika baba yangu. Ukainamia kofia yako ukaigeuza geuza. Na wewe mwalimu mstaafu unayetusomea magazeti, ulitazama ziwani. Na ninyi vijana mliomshangilia gavana kuondolewa kule Meru, kaunti ambayo hamjawahi hata kuikanyaga, mlitoka nje mmoja mmoja kabla mkutano haujafungwa.

Nimewasikia wakisema, kwetu si Kenya, gavana wao anachaguliwa, mkurugenzi wetu anateuliwa na Rais, mkuu wa wilaya anateuliwa, mkuu wa mkoa anateuliwa, diwani wetu hawezi kumfukuza yeyote kati yao. Ni kweli kabisa na inaniuma. Rasimu ya katiba mpya, ile ya Tume ya Warioba, tuliijadili, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa na Bunge Maalum 2014, kura ya maoni ya Aprili 2015 ikaahirishwa hadi leo. Nikiulizwa nataka nini nitasema nataka katiba mpya na wakurugenzi wasiotoka mfukoni mwa mtu mmoja.

Lakini msijifiche nyuma ya hilo! Katiba hii hii ya 1977, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya serikali za mitaa ya mamlaka za wilaya, ile ya 1982, imeupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya juu kabisa kijijini. Na mkutano huo ni nani? Ni kila mkazi wa kawaida wa kijiji aliyetimiza miaka 18. Mkazi, wakuu. Haisemi mjukuu wa nani. Hata kama babu yangu angekuwa ametoka Uvira, Kongo, jana asubuhi, mimi ninayeishi hapa na niliyetoa 35,000 zangu ningekuwa na haki ya kuuliza salio. Kwa hiyo swali la mtendaji halikuwa na msingi hata kwa sheria yake mwenyewe. Lilikuwa fimbo tu, aliiokota kwa sababu anajua sisi watu wa mwisho wa reli ndiyo fimbo inayotuumiza.

Na inatuumiza kwa sababu tumeizoea. Nani hapa Kigoma hajawahi kushushwa kwenye basi kizuizini akaambiwa aimbe wimbo wa taifa? Mkubwa akikosana na mtu, uraia ndio unaoguswa kwanza. Mwaka 2001 mwandishi Jenerali Ulimwengu, mtu aliyekuwa mkuu wa wilaya na mbunge, aliambiwa si raia. Julai 2019 mwandishi Erick Kabendera alipokamatwa, walianza na uraia wake kabla ya kumletea mashtaka mengine. Kama wale wenye majina waliulizwa, mvuvi wa dagaa ataponea wapi? Ndiyo maana watu waliinama, naelewa. Wengi wana shangazi Burundi, wengi mama zao walivuka ziwa wakiwa mgongoni. Kila mmoja aliogopa swali linalofuata ni lake. Naelewa na bado nina hasira, kwa sababu tungesimama watu ishirini tu, mtendaji asingekuwa na maswali ishirini ya kuuliza.

Juzi usiku mke wangu aliniomba niache. Alisema tuna watoto wanne na boti ya Uhamiaji haipigi hodi. Sikumjibu kitu. Asubuhi nimemwona amezitoa hati zetu zote kwenye sanduku, amezianika juani moja moja maana zilikuwa zimeshika unyevu, vyeti vya watoto, kadi ya kliniki, kile cheti changu cha kumaliza darasa la saba. Hajasema neno, ila nimeelewa.

Barua nimeshaiandika. Inakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mkuu wa wilaya na kwa diwani, inaomba mambo mawili: ukaguzi wa michango ya awamu zote tatu, na mkutano mkuu uitishwe upya mapato na matumizi yasomwe. Suala la babu yangu nimeliweka aya ya mwisho, mistari miwili, halistahili zaidi ya hapo.

Waliotia sahihi hadi sasa ni saba. Wa kwanza ni bibi, ameweka dole gumba. Fundi bado. Nafasi ya jina lake nimeiacha, mstari wa pili, sijaruhusu mtu mwingine aandike hapo.

Boti inaondoka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye risiti yake ya 2022 aje nayo nyumbani kwangu kabla ya Jumapili jioni nikaitolee nakala mjini, na asiye na risiti aje aseme alitoa kiasi gani na nani alimwandika.