Microsoft wainunue Intel ama waiache? Naomba maoni ya wanaojua

Fundi_Barani (Malindi)

Salaam aleikum wakuu. Hili swali nimebishana nalo hapa dukani mpaka wateja wanasahau walichojia, sasa nalileta kwenu.

Hali ya Intel mwaijua. Kampuni ya chipu za kompyuta iliyoanzishwa 1968 na kina Robert Noyce na Gordon Moore, iliyofika mwaka 2000 ikawa na thamani ya kama dola bilioni 500, leo hii inahangaika. Agosti 2024 walitangaza kupunguza wafanyikazi zaidi ya 15,000, wakasimamisha mgao wa faida kwa wenye hisa, na kesho yake hisa zikaanguka asilimia 26 kwa siku moja, thamani yote ikashuka chini ya bilioni 100. Novemba wakatolewa kwenye Dow Jones, ile orodha ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, na nafasi yao wakapewa Nvidia, watengenezaji wa chipu za AI. Mwaka ukafungwa na hasara ya dola bilioni 18.8 na mkurugenzi wao Pat Gelsinger keshaondoka.

Upande wa pili kuna Microsoft ambao wamepita dola trilioni 3. Hawa wawili wamekuzana tangu 1981 IBM walipotoa PC yao na chipu ya 8088 ya Intel ndani na mfumo wa DOS wa Microsoft juu yake. Mimi nauza na kutengeneza laptopu za mtumba, na nawaambia mteja akiingia hajauliza batri, hajauliza RAM, kidole kinakwenda kwenye ile stika ya pembeni ya kibodi, "hii ni i5 ama i3?", yaani chipu gani ya Intel. Jina bado lina nguvu wallahi.

Hoja yangu ni hii. Apple walipoacha Intel 2020 wakaweka chipu yao wenyewe ya M1, mashine ikawa haipigi kelele, haichomi mapaja, batri inakaa kutwa nzima. Yote kwa sababu anayeandika programu na anayechora chipu wako chini ya paa moja. Kwa nini Microsoft wasichukue Intel nzima sasa bei ikiwa chini, Windows na prosesa (chipu kuu ya kompyuta) zitengenezwe pamoja? Wakichelewa Intel itakatwa vipande vipande wauziwe watu mbalimbali. Naomba hoja tafadhali, matusi hapana.

mkomani254

Wanunue tu. Activision walitoa bilioni 68.7 kwa ajili ya gemu, washindwe na kampuni inayoendesha nusu ya ofisi za dunia?

Langoni_Tech (Lamu)

Fundi mwenzangu nakuheshimu sana lakini hapa umetazama bei hukutazama mzigo. Nitaandika kwa kirefu kidogo maana jambo hili watu walichukulia juujuu na lina mambo mazito ndani.

Anza na leseni. Hii x86, yaani lugha ya maagizo ambayo chipu hizi zinaielewa na ambayo ndiyo roho ya Intel, si mali ya Intel peke yake. IBM walikataa kutegemea mtengenezaji mmoja, ndipo 1982 AMD, wapinzani wa Intel, wakapewa haki ya kutengeneza chipu hizo, na baadaye AMD wenyewe ndio walioleta biti 64 mwaka 2003 ambazo Intel wanazitumia mpaka hivi leo. Kwa hivyo kila mmoja anatumia cha mwenzake kwa mkataba, ule wa 2009 walioandikiana siku Intel walipokubali kuwalipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi. Ndani yake kuna kifungu kwamba kampuni mojawapo ikichukuliwa na mwenye mwingine, mkataba unakufa kwa wote wawili. Yaani Microsoft wakimaliza kulipa tu, itabidi waende kwa AMD kuomba kuandikiana upya kabla hata ya kutengeneza chipu ya kwanza.

Halafu angalia wanaonunua chipu za Intel ni kina nani. Dell, HP, Lenovo sawa, lakini pia Amazon na Google kwa zile seva zao, na hao wawili ndio wapinzani wakubwa wa Microsoft kwenye klaudi, ile biashara ya kukodisha seva kwa mtandao. Hoteli moja ya Shela ikinunua boti zote za wavuvi, hoteli nyingine zitakaa zingoje kuuziwa samaki? Zitakwenda zenyewe Kizingitini kwa wavuvi wengine. Amazon tayari wana chipu yao ya Graviton tangu 2018, wataongeza hizo, kilichobaki watachukua AMD, na Microsoft watabaki na viwanda visivyo na kazi.

Na viwanda vyenyewe si mchezo. Kile cha Ohio walitangaza Januari 2022 kwa zaidi ya dola bilioni 20, kilikuwa kianze kutoa chipu 2025, sasa wanasema 2030 au 2031. Pesa inaingia huko miaka na miaka kabla hujaona chipu moja.

Mwisho mtu asisahau Nokia. Microsoft walinunua biashara ya simu ya Nokia kwa dola bilioni 7.2, mambo yakakamilika Aprili 2014, kufika Julai 2015 wakafuta bilioni 7.6 vitabuni na watu 7,800 wakapoteza kazi. Kiwanda cha simu hicho, na kiwanda cha simu mbele ya kiwanda cha chipu ni kitu kidogo sana.

Fundi_Barani (Malindi)

Shukran kaka, hiyo ya leseni ni nzito na nimeifahamu. Lakini Nokia sikubali. Nokia haikufa kwa sababu ya kiwanda, simu zao zilikuwa ngumu na kamera nzuri, zilikosa programu za watu kutumia, mtu ananunua simu hapati vitu ambavyo mwenzake wa Android anavyo. Hapa ni kinyume, kompyuta za Windows na Intel programu ziko tele tangu zamani, tatizo la Intel ni kwamba walizembea kiwandani. Chipu za nanomita 10 walizoahidi, zenye saketi ndogo zaidi, zilichelewa miaka, zikaja kwa wingi 2019, na TSMC wa Taiwan, wanaotengenezea wengine chipu, wakawapita hapo. Hilo ni tatizo la pesa na nidhamu, na pesa Microsoft wanazo.

Maalim_Poli

Naomba nichangie, mimi nafundisha kompyuta kwenye chuo hapa Malindi na swali hili wanafunzi huniuliza.

Ndugu Fundi, ule mfano wako wa Apple ukiufuata mpaka mwanzo wake utakuta unapingana na unachokitaka. Apple hawakununua kampuni kubwa ya chipu. Mwaka 2008 walinunua kampuni ndogo inaitwa PA Semi kwa dola milioni 278, milioni si bilioni, walichotaka ni wahandisi. 2010 wakatoa chipu ya A4 ndani ya iPad kisha iPhone, wakaendelea taratibu miaka kumi mpaka M1. Na kiwanda hawana mpaka leo! Wanachora wao, wanaotengeneza ni TSMC. Amazon njia ni hiyohiyo, 2015 walinunua Annapurna Labs ya Israeli na huko ndiko Graviton ilikotoka.

Na Microsoft wenyewe wameshaanza, Novemba 2023 walionyesha chipu zao mbili, Cobalt ya seva na Maia ya kazi za AI. Kwa hivyo ile faida ya programu na chipu chini ya paa moja wanaweza kuipata bila kubeba Intel yote mgongoni.

Tena kinachokosekana Intel si mwenye mpya, ni wateja wa kiwanda. Intel wanataka kampuni nyingine zilete michoro yao wao watengeneze, kama wanavyofanya TSMC, na watu wanasita. Februari 2024 Satya Nadella, mkuu wa Microsoft, alisema Microsoft watatengenezea chipu yao moja kwenye teknolojia mpya ya kiwanda ya Intel iitwayo 18A. Hilo ndilo lenye maana kuliko kununua, maana mteja mkubwa akileta kazi yake wengine wanapata imani, lakini huyo mteja akigeuka kuwa mwenye kiwanda wale wengine wataogopa kumpa michoro yao ya siri. Nani atampelekea mpinzani wake michoro ya chipu ya miaka miwili ijayo?

mkomani254

Maalim hapo kwa michoro umenigeuza kabisa

bint_matondoni

Mimi nataka kuwakumbusha jambo moja ambalo naona hamjaligusa, swali hili si jipya. 2015 kulikuwa na tetesi hizihizi lakini kampuni ilikuwa AMD. Wakati ule hisa za AMD zilikuwa chini ya dola 2, madeni yamewafika shingoni, viwanda walishavitoa tangu 2009 vikawa kampuni ya GlobalFoundries kwa pesa za Abu Dhabi, na watu wakasema Microsoft awanunue kwa sababu chipu ya Xbox One, mashine ya gemu ya Microsoft, ni ya AMD. Ilikuwa inasikika kama akili nzuri kabisa.

Hebu fikirieni wangenunua. Chipu ya PlayStation 4 nayo ilikuwa ya AMD, Sony wangekubali moyo wa gemu yao uwe mkononi mwa Microsoft? Wangekimbia siku ya kwanza, na AMD ile pesa ya gemu ndiyo iliyokuwa ikiwaweka hai. Badala yake Lisa Su alikuwa ameshika uongozi wa AMD Oktoba 2014, wakaweka nguvu zao kwenye prosesa moja mpya, Zen, Machi 2017 ikaingia sokoni kwa jina la Ryzen na Intel ambao walikuwa wamezoea kuongeza kidogo kidogo kila mwaka wakaamka usingizini. Mimi i7 ya core 8 kwenye laptopu nyembamba ya bei ya kawaida siamini tungeiona bila ushindani ule.

Ndio naogopa hili la kununua. Kampuni yenye shida ikimezwa na yenye pesa, yule mwenye pesa hana sababu tena ya kuhangaika.

Na msidhani Intel wameachwa wafe. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilichukua karibu asilimia 10 ya Intel, SoftBank wa Japani wakatia bilioni 2, Septemba Nvidia wakatangaza bilioni 5. Kuna mashaka yangu kuhusu serikali kuwa na hisa kwenye kampuni lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine, nasema tu msaada umepatikana na hakuna aliyeimeza.

ustadh_wa_lab (Lamu)

Nawasoma tangu asubuhi. Mimi wasiwasi wangu uko kwetu huku tunaotumia. Kompyuta za maabara ninayosimamia ni i5 za kizazi cha 6, ziko imara, zinawaka kila siku. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (kifaa cha ulinzi ndani ya mashine), na Windows 10 ilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Tulichofanya ni kuweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, zote zimekubali bila shida, watoto wanaandika, wanajifunza kuandika programu kwa Python, hakuna aliyelalamika.

Hiyo imewezekana kwa sababu aliyetengeneza chipu ni mwingine na aliyetengeneza Windows ni mwingine, chipu haijali umeweka nini juu yake. Sasa mkiwapa kampuni moja vyote viwili, anayeamua Windows inakubali mashine gani ndiye huyohuyo anayetaka kukuuzia chipu mpya. Mashine nyingi za pwani hii ni mtumba, zimeshatumika miaka minne mitano kwengine kabla ya kutufikia. Sisi ndio tutakaofungiwa mlango kwanza.

Fundi_Barani (Malindi)

Ustadh hapo umenigusa maana hizo za kizazi cha 6 na 7 ndizo zimejaa kwenye shelfu langu. Kuna ile nyongeza ya ulinzi ya Windows 10 mpaka Oktoba 2026 lakini ni ya muda tu, kweli.

Hata hivyo bado naona Intel wakiwa na Microsoft ndani hata kwa asilimia kadhaa, kama walivyofanya Nvidia, ingesaidia mashine za Windows zifikie zile za Apple. Wateja wangu wa Watamu wale wa mahoteli wakiona MacBook ya M1 ya mkono wa pili hawaangalii tena kitu kingine.

Langoni_Tech (Lamu)

Hisa sina tatizo nazo, mimi nakataa kumiliki. Na hiyo M1 umeitaja mara mbili sasa acha niseme kama fundi. Huku Lamu mashine inaliwa na hewa ya bahari, nikifungua kifuniko cha chini nakuta ile kutu ya kijani imeanza pembeni ya tundu la chaji inapanda kwenye bodi. ThinkPad T480 nafungua skrubu, natoa RAM, natoa SSD yenye data, nabadilisha bodi, data ya mteja iko salama mkononi mwangu na mashine inarudi kazini. M1 RAM imekaa pamoja na prosesa, hifadhi imechomelewa kwenye bodi, bodi ikiliwa vyote vimekwenda, namwambia mteja pole. Hiyo ndiyo bei ya vitu vyote kuwa chini ya paa moja na haiandikwi kwenye tangazo.

Fundi_Barani (Malindi)

Sawa, lakini Intel wenyewe bila kununuliwa na mtu walitoa prosesa ya Lunar Lake 2024, RAM ikiwa imekaa pamoja nayo. Kwa hivyo hilo si la Apple tu.

Langoni_Tech (Lamu)

Kweli walitoa, na mwaka huohuo Gelsinger akawaambia wenye hisa kwamba hawatarudia, kwa sababu RAM ile ilikuwa inawala faida, kununua RAM ya mtu na kuiuza tena ndani ya chipu yako hakuna kinachobaki. Intel wanaishi kwa kuuza chipu, hasara kama hiyo hawaiwezi, ndio wakarudi nyuma na nafasi ya RAM ikabaki kwa Dell na Lenovo waamue wenyewe. Microsoft wakiwa wenye mali hasara ile haiwatishi, wanaila wanaendelea kuifunga RAM ndani, pesa yao yatoka kwengine.