Msaada: nimefundisha Tesseract herufi za taipureta, kurasa mpya inazisoma vibaya kuliko mwanzo

Mpangakurasa

Wakuu, habari za wakati huu.

Nina kurasa 1,140 za Kiswahili zilizopigwa kwa taipureta, zimeskaniwa kwa dpi 300, rangi ya kijivu. Natumia Tesseract 5, programu ya kusoma maandishi kwenye picha. Modeli yake ya Kiswahili, `swa`, inasoma sehemu kubwa vizuri ila inakosea pale pale kila mara: "ng'ombe" inatoka "ngombe" au "ng"ombe", herufi "e" ambayo tundu lake limeziba wino inasomwa "o", na mwaka 1964 unatoka "l964".

Nimekata picha za mistari 120, kila moja nikaiandikia maandishi yake kwenye faili la `.gt.txt`, kisha nikaendesha tesstrain (zana ya kuifundishia Tesseract) hivi:

`make training MODEL_NAME=taipu MAX_ITERATIONS=10000`

Mwishoni terminali ilionyesha `BCER train` (asilimia ya herufi zinazokosewa kwenye mistari ya mafunzo) ya 1.1, nikajua imeiva. Lakini nikiipa ukurasa ambao haijawahi kuuona, maneno yanatoka yamevurugika kabisa. Niongeze mizunguko hadi 50,000? Au tatizo ni picha? Natanguliza shukrani.

FundiHerufi

Mkuu, usiongeze hata mzunguko mmoja. Tazama amri yako: hakuna `START_MODEL`. Maana yake hukuiendeleza `swa`, umeanza na modeli tupu isiyojua hata "a" ikoje. Kwa kawaida tesstrain huchukua asilimia 90 ya mistari kufundishia, kwako ni mistari 108. Gawanya mizunguko 10,000 kwa 108, kila mstari umepitiwa zaidi ya mara 90. Hapo modeli haijifunzi tena umbo la herufi, inakariri sentensi zako. Ile 1.1 ni alama ya mwanafunzi aliyepewa mtihani wenye maswali yale yale ya daftari lake.

Kuanza tupu kunahitaji maelfu mengi ya mistari. Kwako herufi ni za Kilatini, lugha inajulikana, na `swa` inasoma sehemu kubwa. Unachohitaji ni kuinoa tu:

`make training MODEL_NAME=taipu START_MODEL=swa TESSDATA=/njia/ya/tessdata_best MAX_ITERATIONS=3000`

Ukiweka `START_MODEL`, tesstrain yenyewe inashusha kasi ya kujifunza kutoka 0.002 hadi 0.0001. Usiipandishe. Kasi kubwa inafuta kile modeli ilichokuwa inakijua kabla haijashika kipya.

Ongeza mistari ifike 300 hadi 400, na itoke kwenye kurasa nyingi tofauti: mistari 5 kwa kila ukurasa kwenye kurasa 70 inafaa kuliko mistari 35 kwa kila ukurasa kwenye kurasa 10. Utepe wa taipureta ukichakaa wino unafifia, ukiwa mpya matundu ya "e", "a" na "o" yanaziba. Modeli inapaswa kuziona hali zote mbili. Chagua pia mistari iliyopigiwa mstari chini, kwa sababu mstari huo unagusa mikia ya "g", "j" na "y". Iliyofutwa kwa kupigiwa "xxxx" juu ya maneno iache nje, maana hakuna maandishi sahihi ya kuiandikia.

Ritifaa

Kabla ya kufundisha chochote, mkuu, hakikisha kosa ni la kutambua herufi na si la kupanga ukurasa. Kata mstari mmoja unaokosewa, uusome peke yake (`--psm` huiambia Tesseract picha imepangwaje, 13 ni mstari mmoja):

`tesseract mstari.png stdout -l swa --psm 13`

Ukisomeka sawa peke yake lakini ndani ya ukurasa unakosewa, kufundisha hakutasaidia. Hapo shida ni namna ukurasa unavyogawanywa. Jaribu `--psm 6` kwa ukurasa wenye safu moja, nyoosha picha iliyopinda, ondoa kivuli cheusi cha pembeni.

Kuhusu ng': fungua faili zako uangalie ni ritifaa ipi umeandika. Programu nyingi za kuandikia hubadilisha ' iliyonyooka kuwa ’ iliyopinda bila kukuuliza. Kwa macho zinafanana, kwa modeli ni herufi mbili tofauti, U+0027 na U+2019. Ukiwa na mistari 20 ya namna moja na 20 ya nyingine, unaiambia modeli kwamba picha ile ile ina majibu mawili. Itayumba, na wakati mwingine itaona bora isiandike kitu. Hesabu herufi zote ulizotumia:

`cat data/taipu-ground-truth/*.gt.txt | grep -o . | sort | uniq -c | sort -n`

Soma orodha kuanzia juu, kwenye herufi adimu. Huko ndiko yanakojificha makosa ya kuchapa: herufi moja iliyoingia kimakosa, ritifaa iliyopinda, nafasi isiyo ya kawaida. Herufi unayoitaka isomwe vizuri isipungue mifano 15 au 20. Kama ng' inatokea mara 4 tu, tafuta kwa makusudi mistari yenye "ng'ambo", "ng'oa", "kung'aa" uiongeze. Faili ziwe za UTF-8 bila BOM (alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili), na kila moja mstari mmoja tu.

Mpangakurasa

Ahsanteni sana wakuu. Nimekuta ritifaa zilizopinda 31 na zilizonyooka 9, nimezinyoosha zote. Mstari mmoja mmoja kwa `--psm 13` bado "e" inakosewa, kwa hiyo naona ni herufi kweli.

Nimefikisha mistari 350. Nikiendesha amri ya FundiHerufi kwa kutumia `swa` iliyokuja na programu, inakataa: inasema ni `integer (fast) model, cannot continue training`. Pia kuna mistari 6 inayoandika `Compute CTC targets failed`. Niipuuze?

FundiHerufi

La kwanza ni jepesi. `swa` iliyokuja na kifurushi ni ya tessdata_fast, ambayo uzito wake umegeuzwa kuwa namba kamili ili isome haraka. Ya namna hiyo haifundishiki tena. Pakua `swa.traineddata` ya tessdata_best, iweke kwenye folda yake, na `TESSDATA` ielekee huko.

La pili usilipuuze. Modeli nyingi za Kilatini hupunguza kila picha ya mstari mpaka kimo cha pikseli 36, kisha ndani yake upana unagawanywa tena kwa 3. Kila kipande kinachobaki kinaweza kubeba herufi moja tu. Sasa kama picha yako imebeba mistari miwili kwa bahati mbaya, kimo kikibanwa kufika 36 upana nao unapungua nusu, na vipande havitoshi herufi ulizoandika. Ndiyo maana ya ujumbe ule. Fungua hizo picha 6: utakuta ama mistari miwili imekatwa pamoja, ama umeandika maneno ya mstari mwingine, ama picha imelala ubavu. Zikate upya.

Ukiona `Can't encode transcription` hiyo ni nyingine: kwenye maandishi kuna herufi isiyokuwemo kwenye unicharset (orodha ya herufi ambazo modeli inazijua), mara nyingi ile isiyoonekana kwa macho. Na wakati wa mafunzo tupia jicho `skip ratio`. Ikiwa si 0, kuna mistari inayorukwa.

Ukikata, acha ukingo mweupe kiasi cha pikseli 10 juu, chini na pembeni. Ukibana sana unakata mkia wa "g" na kichwa cha "k", na ritifaa ndiyo ya kwanza kupotea kwa sababu imekaa juu kabisa ya mstari. Kagua hilo hasa kwako.

Mhariri_wa_Usiku

Niongeze jambo moja kuhusu kuandika maandishi sahihi. Wengi huchukua alichosoma `swa` na kukirekebisha, ili kuokoa muda. Inakubalika, lakini jicho la mtu anayejua Kiswahili linapita juu ya "ngombe" na kusoma "ng'ombe" bila kushtuka. Kagua ukiwa na picha juu na maandishi chini yake, na mara ya pili soma kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Kosa ukiliacha kwenye maandishi sahihi, modeli italijifunza kwa bidii ile ile.

Halafu tenga kurasa 10 zisiingie kabisa kwenye folda ya mafunzo. Ile asilimia 10 inayotengwa na tesstrain ni mistari ya nasibu kutoka kurasa zile zile, wino ule ule, kwa hiyo itakupa picha nzuri kuliko hali halisi. Kurasa 10 zenye herufi kama 1,900 kila moja ni herufi 19,000. Ukikuta makosa 190, hiyo ni asilimia 1. Pima `swa` kwanza, andika namba, kisha `taipu`. Bila namba ya mwanzo hutajua umepiga hatua au umerudi nyuma.

Mpangakurasa

Nashukuru mno. Limebaki la "l964". Taipureta hii haina kitufe cha 1, mpiga chapa alitumia "l" ndogo. Kwenye maandishi sahihi niandike 1 au l?

FundiHerufi

Andika 1. Modeli haisomi herufi moja moja, inaupitia mstari wote, kwa hiyo inaweza kujifunza kwamba umbo lile likiwa jirani na 9 na 6 ni tarakimu.

Ritifaa

Hapa natofautiana na mkuu FundiHerufi. Hoja yake ni sahihi kama kuna majedwali mengi ya tarakimu. Kwa mistari 350 ya maelezo ya kawaida, 1 zitakuwa chache, na unalazimisha modeli ikisie kitu ambacho picha haikisemi. Ningeandika l kama inavyoonekana, kila mahali bila kubadilika, kisha nirekebishe baada ya kusoma:

`sed -E ':a; s/([0-9])l/\11/; s/l([0-9])/1\1/; ta; s/\bll\b/11/g; s/\bl\b/1/g'`

Sehemu ya kwanza inazunguka mpaka "l9ll" iwe 1911. Za mwisho zinashika "ll Mei" na "l." ya orodha. Kwa Kiswahili ni salama, kwa sababu hakuna neno la "l" peke yake wala "ll" peke yake, na jina kama Abdallah haliguswi maana "ll" yake iko katikati ya neno.

FundiHerufi

Kwa maandishi yasiyo na majedwali nakubali, njia ya Ritifaa inakaguliwa kirahisi. Kisichoruhusiwa ni kuchanganya zote mbili.

Mpangakurasa

Nimefuata yote, nikaandika l. Kwenye kurasa 10 zilizotengwa `swa` ilikuwa na makosa ya asilimia 3.8, `taipu` ina 1.2. Ng' zinatoka karibu zote. Checkpoint (nakala za modeli zilizohifadhiwa katikati ya mafunzo) nilizonazo ni nyingi, nimechukua yenye namba ndogo kuliko zote kwenye jina. Sawa?

Mhariri_wa_Usiku

Si lazima iwe hiyo. Namba ya kwanza kwenye jina la checkpoint ni kosa la mistari ya mafunzo. Chukua nne au tano za mwisho, kila moja ipime kwa mistari isiyofundishwa:

`lstmeval --model data/taipu/checkpoints/JINA.checkpoint --traineddata data/taipu/taipu.traineddata --eval_listfile data/taipu/list.eval`

Mara nyingi kosa la mafunzo linaendelea kushuka huku la `list.eval` limesimama au limeanza kupanda. Shika ile iliyo chini kabisa kwenye `list.eval`, igeuze kuwa `.traineddata` kwa `lstmtraining --stop_training`, kisha irudishe kwenye zile kurasa 10. Ikikupa chini ya 1.2, tumia hiyo kwa kurasa zote zilizobaki.