Kihadithi kila siku kutoka kwenye mchoro: mchoro mpya kila asubuhi, au mmoja wiki nzima?

Korosho_Ghafi (Mtwara)
Wakuu, habari za jioni. Huu mwezi wa pili naandika kihadithi kimoja kila siku, cha maneno mia mbili hivi, nikiangalia mchoro. Mwezi wa kwanza nilibadilisha mchoro kila asubuhi. Raha tupu, ila nikifungua daftari sasa nakuta maelezo tu: bahari ya bluu, mama amekaa, basi. Mwezi huu nakaa na mmoja siku saba. Nilianza na "Wawindaji Thelujini" wa mwaka 1565, wa Bruegel, mchoraji wa Ulaya. Siku ya nne ndiyo nikashtuka: wanaume watatu, mbwa kundi zima, na mawindo yenyewe mbweha mmoja! Theluji mimi naijua ya kwenye friji, lakini kurudi mikono mitupu nakujua vizuri. Nikakihamishia kisa Msanga Mkuu, mtumbwi unaingia na ndoo haijafika nusu. Nyie mnafanyaje?

Bi_Mikindani
Mdogo wangu, wiki nzima siwezi. Ikifika Jumatano nimeshawamaliza watu wote, nimebaki na mbuzi. Mimi nabadilisha kila siku, ila namchukua mtu wa pembeni, yule ambaye mchoraji kampitishia brashi mara mbili tu. Na sielezi kilichochorwa. Naanzia pale watu wanapoondoka.

Newala_Juu
Bruegel wa nini na kusini tunao wetu? Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru hapo jirani, akachora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Leo kila duka la watalii lina ndege na chui wa mtindo wake. Anzeni nyumbani.

Korosho_Ghafi
Nilijaribu, mkuu, usinune. Chui mmoja, madoa mazuri, nyuma yake rangi tupu. Siku ya kwanza chui alikuwa na njaa. Siku ya pili bado ana njaa. Michoro ya namna hiyo inafaa mtindo wa Bi Mikindani, siku moja unaondoka. Kwa wiki nzima afadhali michoro ya George Lilanga: mashetani yamebanana, masikio makubwa, matumbo mbele, huyu anamvuta yule. Humo kuna ugomvi, na penye ugomvi kalamu yangu haikauki.

Newala_Juu
Hapo kwa Lilanga nimekuelewa. Huyo Mmakonde, alishika patasi kabla ya brashi.

Lindi_Pwani
Mnabishana siku, mimi naona shida ni kioo cha simu. Rijksmuseum, makumbusho ya Amsterdam, Uholanzi, inaruhusu kupakua michoro yake bure, kwa ukubwa wa maana. Bando litalia, kwa hiyo tafuteni pa kuunga Wi-Fi. Nilipakua "Zamu ya Usiku" ya 1642, ya Rembrandt, mchoraji wa huko huko, nikaikuza kipande kwa kipande kwenye kompyuta. Kila kipande kihadithi chake, yaani mchoro mmoja lakini kila siku mpya. Yule binti wa gauni la dhahabu ana kuku mfu kiunoni, miguu juu. Katikati ya askari wote wale! Kanilisha siku tano.

Bi_Mikindani
Kuku wa nani?

Lindi_Pwani
Ndiyo hadithi yenyewe hiyo, dada.

Korosho_Ghafi
Huo mchoro nilikaa nao mwezi wa kwanza, siku moja, kwenye simu. Kuku sikumwona. Ngoja nirudi.