Naomba ushauri: daktari (MD) nimechoka wodi, nihamie wapi?
Wakuu habari zenu. Mimi ni MD, nimepiga miaka mitano Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na intern mwaka mmoja, sasa nipo hospitali moja hapa Dodoma na kusema ukweli nimechoka, juzi nimetoka zamu ya usiku nikasinzia kwenye daladala mpaka konda ananigonga bega nashtuka tupo Nanenane, stetoskopu bado shingoni.

Nawaza masta ya afya ya jamii au kukagua madai ya bima, maana NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya) na wizara zipo hapahapa, ila wengine wanasema kwenye data ndo kuna hela (Excel yenyewe naiungaunga tu). Mshua hataki hata kusikia. Mlioacha wodi mlianzia wapi, na leseni bado mnailipia?